MJADALA: Vidonge vya kuzuia VVU viendelee kukaa kliniki, au sisi wa mtaani tuulizwe vitufikie vipi?

Mwana wa Sahare
Wadau salaam. Naomba tuongee hili bila matusi maana linagusa nyumba zetu hapa Tanga. Vile vidonge vya Prep, vya mtu ambaye hana maambukizi kumeza kimoja kila siku ili asipate, WHO wamevipitisha tangu 2015 kwa yeyote aliye kwenye hatari kubwa. Mi naishi na wavuvi wa dagaa na wanaovimeza nawahesabu kwa vidole, na sio kwamba hawaogopi ukimwi. Jamaa yangu mmoja alianza vizuri tu, akapewa tarehe ya kurudi, tarehe ikamkuta baharini, alivyokuja siku nne baadae akasemwa dirishani mbele za watu kama mtoto, hajarudi mpaka leo.

Sasa dagaa anavuliwa giza, kila mvuvi anajua. Mwezi ukipevuka taa haivuti kitu, boti zinalala ufukweni, watu wako nyumbani wanashona nyavu, hela ipo na starehe ndo wakati wake. Wiki hiyo ndo ya kuja na vipimo na vidonge hapa hapa pwani. Kliniki wao wanaangalia kalenda ya ukutani, ila muulize nahodha yeyote atakujibu hujamaliza swali. Hoja yangu ni hiyo: watu waitwe watoe mawazo, yashindanishwe, yaliyo bora yapewe hela yajaribiwe. Nigeria vijana walishafanya mashindano kama hayo kuhusu vipimo vya kujipima VVU, sisi tunashindwa nini?

Ustadh wa Ngamiani
Wa alaykum salaam. Nia yako naiheshimu kijana ila kupeleka vidonge pwani wiki ya starehe ni kama kumwambia mtu endelea tu. Tumezika sana, najua uchungu wake, na mimi naona nguvu hiyo iende kwenye kuoa na kulea. Dawa haifundishi mtu kujizuia.

Mama Lishe Deep Sea
Ustadh shikamoo. Mimi ni mke wa ndoa, sijatoka nje hata siku moja. Mume wangu akienda dago, kambi ya wavuvi, anakaa miezi huko, akirudi simuulizi alikuwa na nani na kondomu siwezi kumwambia mume wangu avae, utaanza ugomvi usioisha. Mimi nijizuie na nini baba yangu? Nilivitaka hivyo vidonge kwa moyo mmoja. Shida ni mbili. Ukionekana umekaa benchi la CTC, kliniki ya wenye VVU, ikifika magharibi mtaa mzima umeshakupa ugonjwa. Ya pili ni kopo, linafanana na la wanaotumia ARV na ukitembea linalia chaka chaka kwenye mkoba. Mimi wazo langu tupewe pale pale tunapochukulia uzazi wa mpango, na humo kwenye kopo liwekwe pamba lisilie. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza haya.

Dereva wa Horohoro
Dada umeongea. Mi nasema vipelekwe maduka ya dawa muhimu, haya yalianza kama majaribio Ruvuma 2003 na sasa yapo hadi vijijini. Na kujipima sheria imeruhusu tangu 2019. Mtu anajipima, anachukua, anasepa na gari lake mpakani. Af si kuna ile sindano mpya, tusubiri hiyo tuachane na makopo.

Nesi Mstaafu
Wanangu, dukani bila utaratibu nakataa. Prep ni dawa aina mbili tu, mwenye virusi tayari haimtoshi, akiimeza bila kupimwa virusi vinaizoea na matibabu yake ya baadae yanakuwa magumu. Ndio maana tunapima kabla na kila miezi mitatu, figo nazo tunaziangalia, na haizuii kaswende wala kisonono. Duka likubali kupima na kuandika, hapo tutaongea. Mama lishe, pamba sawa mwanangu, ila vidonge vibaki kwenye kopo lake na kile kipakti cha kunyonya unyevu usikitupe, joto letu hili la pwani unalijua.

Mwana wa Sahare
Dereva, hiyo sindano ni lenacapavir, mara mbili kwa mwaka, kwenye majaribio ya Afrika Kusini na Uganda wanawake zaidi ya 2,000 walichomwa na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, WHO wakaipitisha Julai 2025. Naitaka kuliko wewe. Lakini ikija ikawekwa dirisha lile lile, jamaa yangu ataifuata? Af kumbukeni Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, walivyolegeza, hela yao ya Prep ikabaki kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Mvuvi hakuwemo, mama lishe kama hana mimba wala hanyonyeshi hakuwemo. Mpango ambao wewe hukuulizwa ukianza, hata ukifa huulizwi.

Ustadh, sikubishii kuhusu maadili, wewe endelea kutuambia, mi mwenyewe nakusikiliza Ijumaa. Ila huyu mama amekujibu na naomba umjibu.

Ustadh wa Ngamiani
Nimemsoma mara mbili. Mama, kwako wewe sina hoja, kujikinga na madhara ni haki yako. La pwani wiki ya starehe bado sijaridhika nalo.

Nesi Mstaafu
Mimi hilo la mbalamwezi limenikaa kichwani tangu asubuhi. Kopo moja ni vidonge 30, makopo matatu 90. Mbalamwezi mpaka ya tatu kutoka hapo ni siku 88 au 89. Yaani mtu akipimwa na kuchukua makopo matatu mwezi mpevu, vinamfikisha mwezi mpevu wa tatu bado kimoja au viwili kwenye kopo, na ndio siku yake ya kupimwa tena. Sahare, nitafutie manahodha watatu wanne tukae nao.