Naomba ushauri: kutaja saa za ratiba kwa Kihispania

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo. Niko Kilwa Masoko, natembeza wageni kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani. Kuna kikundi cha Wahispania kinakuja, na mimi ndiye nitakayewaeleza ratiba ya kila siku kwa lugha yao.

Sarufi naielewa. Chai saa moja na nusu asubuhi ni "a las siete y media de la mañana". Mashua inaondoka saa tatu kasorobo, "a las nueve menos cuarto". Saa saba tu ndiyo inakuwa umoja, "a la una".

Kinachonikwamisha ni kasi. Mgeni akiuliza tunarudi saa ngapi, kichwani inakuja saa kumi, na mpaka niitoe "a las cuatro de la tarde" ameshamgeukia mwingine. Nimejaribu kuandika ratiba kwenye karatasi kwa saa za kizungu. Lakini maji kupwa na kujaa husogea kwa karibu dakika 50 kila siku, na mashua hufuata maji, kwa hiyo karatasi ya jana leo haifai. Na mgeni akikosea saa, tunakwama kwenye matope.

Mliozoea wageni, mlijizoezaje kufikiri kwa saa zao moja kwa moja? Na chakula cha saa mbili usiku, Wahispania wenyewe husema "de la tarde" au "de la noche"? Nimekutana na yote mawili.

Natanguliza shukrani.