Boda wangu kabadili njia, au wasiwasi wangu tu?

Mama Furu: Habari za jioni wakuu. Nina kibanda cha uwakala wa pesa Mabatini, hapa Mwanza, naishi Igoma. Nafunga saa tatu usiku, na kuna boda mmoja ananirudisha nyumbani tangu mwaka jana. Juzi hakunyoosha, akanipitisha Mkuyuni. Njiani akasimama gizani, akapokea simu kwa sauti ya chini. Nilisikia neno moja tu: "Ninaye." Mwili ukanisisimka. Tulipofika kituo cha mafuta nikamwambia nimebanwa, nikashuka, nikatokea upande wa pili na bajaji. Tangu hapo kaninunia. Je, nimemkosea? Maana kesho narudi na floti kubwa, pesa za kibanda.

Sato Choma: Mkojo umeokoa wengi nchi hii. Endelea.

Mzee wa Kivuko: Nikiwa kuli Mwaloni kuna jamaa aliniambia, "Nishikie gunia hili la dagaa nakuja." Roho ikagoma, nikaliacha palepale. Hadi leo sijui lilikuwa na nini, na kwa kweli nikilala huwa nalifikiria.

Mwalimu Mstaafu: Binti, mke wa mtu unafunga saa tatu usiku kwa nini? Enzi zetu saa kumi na mbili sufuria iko jikoni.

Ng'wana Kabula: Mwalimu, sufuria hainunui mchele. Dada, kijiwe kizima cha boda kipo hapo Mabatini. Kwa nini lazima yeye?

Mama Furu: Nimemzoea.

Ng'wana Kabula: Na hayo mazoea yana jina?

Mama Furu: Ni shemeji yangu. Mdogo wake mume wangu, tumbo moja. Mume yuko kisiwani kwenye dagaa, anarudi mbalamwezi ikikua. Pikipiki yenyewe nilimkopea mimi kwenye kikoba. Nikipanda boda mwingine, ukweni wataitisha kikao. Kesho nimeshamwambia aje saa tatu kama kawaida. Labda siku ile kulikuwa na foleni tu.

Sato Choma: Kumbe mkojo wa kifamilia.

Jiwe Pacha: Hii chai, tena haina sukari. Mabatini kwenda Igoma ni barabara ya Musoma: Buzuruga, Nyakato, umefika. Mkuyuni iko barabara ya Shinyanga, upande mwingine wa mji. Foleni gani ya saa tatu usiku inamtoa mtu huko kote? Hakuna mtu wa Mwanza anayepita Mkuyuni kwenda Igoma. Mtunzi arudi akasome ramani, uzi ufungwe.

Mama Furu: Mkuu, hicho ndicho ninachouliza.

Sato Choma: Daah.

Jiwe Pacha: Dada, naomba radhi. Usimpande.

Mama Furu: Lakini sina ushahidi. Nikimsingizia je?

Mwalimu Mstaafu: Sungusungu walipoanza huku Usukumani miaka ya 1980, mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa watu walitoka kwanza, maswali baadaye. Hakuna aliyesubiri kuuona upanga. Ile ya sufuria naifuta.

Ng'wana Kabula: Hakuna aliyekwambia umshtaki. Hamisha hiyo floti mchana, ukiwa na mtu. Shemeji usimwambie unamshuku, mwambie ratiba imebadilika. Balozi wako wa nyumba kumi ajue leo hii, na mumeo. Andika siku, saa na lile neno, kabla hujajishawishi kwamba hukusikia vizuri. Kituo cha polisi ulizia Dawati la Jinsia. Ukiona kivuli mlangoni, 112.

Mama Furu: Mume hapatikani mpaka apande mwambani kutafuta mtandao. Na akipatikana atasema namchukia mdogo wake.

Mzee wa Kivuko: Akasirike akiwa na mke.

Mama Furu: Haya. Nimemtumia shemeji meseji kwamba kesho nafunga mapema, jirani atanisindikiza.

Jiwe Pacha: Kasemaje?

Mama Furu: Kajibu palepale. "Jirani gani?"

Ng'wana Kabula: Hiyo usiijibu. Balozi umempigia?

Mama Furu: Inaita.