Wauzaji wa mboga wa jumla, acheni kuficha kila uozo nyuma ya neno "msimu"

Wadau, leo uvumilivu umeniishia na nitasema bila kumung'unya maneno.

Nanunua mboga kwa jumla na kuziuza rejareja. Kila nikipeleka lalamiko kwa wanaoniuzia, jibu ni lile lile: "Ni msimu." Bei imeruka usiku mmoja, ni msimu. Nyanya zinabonyea, ni msimu. Kreti imepungua uzito, ni msimu. Msimu naujua na naukubali. Ninachokataa ni kutozwa mara tatu kwa sababu moja: bei inapanda, ubora unashuka, na uzito nao unapunjwa.

Tuseme ukweli kwanza, maana sitaki mtu aje hapa kunifundisha kilimo. Joto la mchana likivuka nyuzi 32 hivi kwa siku kadhaa mfululizo, maua ya nyanya hupukutika bila kushika tunda. Mvua ikizidi na majani yakashinda yamelowa, unaingia ule ukungu wa nyanya na viazi, ule ule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na shamba zima linaweza kwisha kwa siku chache. Mboga hizi hazingoji, na watu hawaachi kula kwa sababu mzigo umekuwa mdogo, kwa hiyo upungufu kidogo tu unarusha bei juu sana. Hayo yote nayakubali na nimeyalipia.

Sasa hebu tuhesabu pamoja. Tangu ua la nyanya kuchanua mpaka tunda kuiva ni kama siku 45 hadi 60. Maana yake uhaba ulioletwa na joto, huu tunaouona leo sokoni, ulishaonekana shambani mwezi mmoja na nusu au miwili iliyopita. Anayenunua kwa wakulima kila wiki aliyaona yale maua chini. Kwa nini mimi niambiwe alfajiri, nimeshafika na pesa na wateja wananisubiri? Mkituambia mapema tutajipanga: tutapunguza oda, tutaongeza mboga nyingine, tutawaandaa wateja. Mnanyamaza kwa sababu mnunuzi aliyeshtukizwa hana muda wa kubishana bei.

Na vitunguu je? Kitunguu kilichokomaa na kukaushwa vizuri shingo hukaa miezi kwenye ghala kavu lenye hewa. Kabichi iliyofunga vizuri, kwenye chumba cha baridi cha karibu nyuzi 0, nayo hukaa miezi. Leo mvua imenyesha, kesho kitunguu kilichovunwa zamani na kulala ghalani kimepanda bei pamoja na mboga za majani! Mwenye kitunguu hicho mvua imemgusa wapi?

Halafu ngoja neema ije. Bei ikiwa nzuri msimu huu, kila mkulima anapanda zao lile lile, na mavuno yanafika sokoni kwa mkupuo. Mkulima analia, wengine wanaacha nyanya ziozee shambani kwa sababu gharama ya kuzichuma inazidi watakachopata. Kwetu sisi bei inashuka kwa kusuasua, leo kidogo, wiki ijayo kidogo. Na msiniambie ni hisia zangu. Mchumi wa Marekani, Sam Peltzman, alichapisha utafiti mwaka 2000 akaonyesha kwamba katika zaidi ya masoko mawili kati ya kila matatu aliyoyachunguza, bei hupanda upesi gharama zikiongezeka kuliko zinavyoshuka gharama zikipungua.

Lakini kinachonichoma zaidi ni ubora. Kreti ukiitazama kwa juu, nyanya ni ngumu, nyekundu, zimelingana. Ondoa safu ya kwanza: kuna za kijani, zilizopasuka, zenye matundu ya wadudu, na chini kabisa zimeshaanza kutoa maji. Mtu alikaa akazipanga hivyo kwa mikono yake. Mvua haipangi nyanya! Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vina kiwango cha nyanya tangu mwaka 2008. Vinazigawa kwenye madaraja matatu, na vinasema wazi kwamba sehemu ya mzigo inayoonekana lazima iwakilishe mzigo wote. Hata daraja la chini linaruhusu asilimia 10 tu ya zisizofikia sifa, na zilizooza hazikubaliki hata humo. Mimi naletewa kreti iliyochanganywa madaraja yote pamoja na takataka, kwa bei ya daraja la kwanza.

Na kuna uharibifu ambao hauhusiani na hali ya hewa kabisa. Mboga iliyovunwa bado inapumua, na kila joto likipanda nyuzi 10 kasi ya kupumua huongezeka mara mbili au tatu. Ukichuma mchana wa jua kali, ukarundika na kufunika turubai bila kupoza, umeiua mwenyewe kabla gari halijaondoka. Nyanya zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo hugeuza mboga za majani na matango kuwa ya njano. Bado nakuta vyote vimepakiwa pamoja, vimebanana, halafu naambiwa spinachi imekuwa ya njano "kwa sababu ya msimu". Wengine wanafanya kinyume chake, wanaziweka nyanya kwenye baridi kali chini ya nyuzi 10 kwa siku nyingi, zinatoka zimepoteza ladha, ukizipanga mezani zinaota madoa na kuoza.

Kwenye mboga za majani kuna na hili la maji. Kunyunyiza kidogo ili zisinyauke, sawa. Kuzitumbukiza na kuzipima zikitiririka ni kuniuzia maji kwa bei ya mboga, na maji hayo ndiyo yanayozioza katikati ya fungu kabla ya jioni.

Najua muuzaji wa jumla naye anabeba hasara, gari likikwama mzigo unamwozea yeye. Basi aiweke hasara hiyo kwenye bei, waziwazi, nami nitaamua kama nanunua. Asiichimbie chini ya kreti nikaigundue mbele ya wateja wangu, ambao mimi siwezi kuwaambia "ni msimu" wakarudi tena.

Ninachotaka hakihitaji mtaalamu: bei kwa daraja, uzito halisi bila kreti wala maji, na uhaba tuambiwe wakati unaonekana shambani.

Sasa nawauliza mnaonunua jumla. Kuna aliyepata muuzaji anayekubali kreti imwagwe, ichambuliwe na kupimwa kabla ya pesa kutoka? Mlielewana naye vipi, na zile mbovu anazikata kwenye bei pale pale au anakupiga kalenda hadi mzigo unaofuata?