Tiketi moja au mbili? Tunaenda Japani na tunataka kulala Singapore njiani

MamaMsafiri:
Habari zenu wadau, naombeni msaada maana nimekaa kwenye simu wiki ya pili sasa natafuta tiketi mpaka macho yanauma. Tunataka kwenda likizo Japani, mimi na mume wangu na binti yetu wa miaka 9, siku kama 14 hivi, na tumekuwa tukidunduliza hii safari kwa miaka mitatu kwahiyo sitaki kukosea. Ni safari ndefu sana, na mtoto hajawahi kukaa kwenye ndege zaidi ya masaa manne, ndo maana tukasema tulale Singapore siku mbili apumue halafu tuendelee.

Nimepata njia mbili. Ya kwanza ni tiketi moja, kampuni moja mpaka Tokyo, tunabadilisha ndege Singapore. Ya pili ni tiketi mbili tofauti, moja mpaka Singapore na kampuni ya kawaida, halafu nanunua nyingine ya ndege za bei rahisi Singapore mpaka Tokyo. Hii ya pili inashuka karibu theluthi moja ya bei, na kwa watu watatu hiyo ni hela nyingi, hoteli ya siku kadhaa hiyo. Mume wangu anasema basi tuachane na kulala Singapore tuunganishe tu siku hiyohiyo, kuna masaa 3 katikati, tuokoe na hela ya hoteli. Kuna mtu amewahi kugawa tiketi hivi? Na tarehe, tulikuwa tunalenga mwisho wa Machi tukaone yale maua ya sakura.

BegiMoja:
Dada nakuomba sana, hayo masaa 3 na tiketi mbili usijaribu, hasa ukiwa na mtoto. Nimepitia hiki kitu mwenyewe na bado kinaniuma.

Nilikuwa na tiketi mbili kama hivyo unavyosema, masaa 3 na nusu katikati, nikaona ni muda wa kutosha kabisa. Pale kaunta nilipoanzia safari nikamuomba dada wa chekini anitumie begi moja kwa moja mpaka mwisho, akaniambia haiwezekani, tiketi ya pili haipo kwenye mfumo wao, hawaijui. Akafunga lebo kwenye mkono wa begi, nikaangalia zile herufi tatu kubwa, ni za mji wa katikati, sio za kule nilikokuwa naenda. Wakati huo sikuelewa maana yake. Maana yake ni kwamba ukifika katikati wewe sio wa transiti tena, ni mgeni kama wageni wengine, unapanga foleni ya uhamiaji, unagongewa muhuri, unasubiri begi kwenye mkanda, unatoka nje kabisa halafu unaanza upya kwenye kaunta ya kampuni nyingine. Ndege ya kwanza ikachelewa masaa mawili. Nilifika kaunta ya pili nikiwa nakimbia na begi, wameshafunga, zilikuwa zimebaki dakika 50 na wao wanafunga dakika 60 kabla. Sikurudishiwa hata senti, kwasababu kwa kampuni ya kwanza wao wamenifikisha nilikolipia, na kwa kampuni ya pili mimi ni abiria ambaye hakutokea. Nikanunua tiketi mpya palepale dirishani, na ile ya papo hapo unaijua bei yake.

Kwahiyo mimi naona umeiweka sawa tangu mwanzo na mzee wa nyumbani ndo anataka kuiharibu (mwambie kwa upole). Kama mtagawa tiketi, zile siku mbili za Singapore ndo zinawaokoa, maana hata ndege ya kwanza ikichelewa masaa kumi bado mko salama. Ila piga hesabu upya, hizo ndege za bei rahisi bei unayoiona haina begi la kuweka chini, na la mkononi nyingi zinaruhusu kilo 7 tu na wanapima kweli. Ongeza mabegi matatu, ongeza chakula cha mtoto, ongeza kuchagua siti ili mkae pamoja, halafu uangalie hiyo theluthi imebaki ngapi.

MzeeWaDirishani:
Mwanangu, kabla hujagawa kitu, umejaribu kutafuta tiketi moja yenye siku mbili za Singapore ndani yake? Watu wengi kwenye tovuti za tiketi wanaangalia kwenda na kurudi tu, hawagusi ile sehemu ya miji mingi (multi-city). Ingia hapo, weka kipande cha kwanza unapoanzia mpaka Singapore, cha pili Singapore mpaka Tokyo siku mbili baadaye, cha tatu kurudi nyumbani. Zote zikiwa kwenye tiketi moja, kampuni inabeba mzigo wa kukufikisha mpaka mwisho, kipande kimoja kikivurugika wanakutafutia kingine.

Kitu cha kujua hapa ni mstari wa masaa 24. Kwenye safari za kimataifa ukikaa mji wa katikati chini ya masaa 24 unahesabiwa uko transiti tu, ukizidisha hapo inakuwa stopova na nauli inaweza kubadilika, tiketi nyingine zinaruhusu moja bure, nyingine wanaongeza kiasi, nyingine hawaruhusu kabisa. Kwahiyo kama stopova inapandisha bei, jaribu kufika saa 3 asubuhi na kuondoka kesho yake saa 2 asubuhi, hayo ni masaa 23, mmelala kitandani usiku mzima na bado kwa mfumo wao mko transiti. Na kodi nazo zinaufuata huohuo mstari, mfano Uingereza ile kodi ya abiria wa ndege haikuhusu ukiunganisha ndani ya masaa 24, ukizidisha unailipa, na kwa safari ndefu sio ndogo.

Tena kuna nchi zinataka ulale kwao. Icelandair wanakuachia mpaka siku 7 Iceland bila kuongeza nauli ukiwa unavuka kati ya Ulaya na Marekani. Turkish Airlines wana matembezi ya bure ya Istanbul kwa wenye kusubiri kati ya masaa 6 na 24. Hapohapo eapoti ya Changi Singapore kuna matembezi ya bure ya basi kwa walio transiti kuanzia masaa matano na nusu mpaka chini ya 24, mtoto wa miaka 9 atafurahi sana, ila mnatakiwa mruhusiwe kuingia nchini maana mnatoka nje ya eapoti.

Jambo la mwisho, na hili linaokoa hela kuliko vyote kwa Japani. Usiingilie Tokyo na kutokea Tokyo. Ingia Tokyo, toka Osaka kwa eapoti ya Kansai. Mara nyingi nauli ni ileile au tofauti ndogo, na mnajiepusha kurudi nyuma kilomita zaidi ya 500 kwa shinkansen, ile treni ya mwendo kasi, ambayo kwa mtu mzima ni karibu yeni 14,000 kwa njia moja, mtoto nusu yake. Zamani ungenunua ile JR Pass, pasi ya kupanda treni za JR kwa siku kadhaa, uende urudi bila kuwaza, lakini Oktoba 2023 ya siku 7 ilipanda kutoka yeni 29,650 mpaka 50,000, kwa safari ya Tokyo na Osaka peke yake haijilipi tena.

Kalenda_Wazi:
Naongezea mawili. Tarehe kwanza: sakura Tokyo ni mwisho wa Machi mwanzo wa Aprili na dunia nzima inajua, ndo maana bei iko vile. Maua yanapanda kwenda kaskazini taratibu, kule Tohoku ni wiki kadhaa baadaye, Sapporo huwa mwisho wa Aprili kuingia Mei. Ukisogeza safari katikati ya Aprili ukapanda kaskazini kidogo unayaona na nauli imeshapumua. Angalieni tu msiangukie Golden Week, ile wiki ya sikukuu zao, kuanzia tarehe 29 Aprili mpaka kama tarehe 5 Mei, Wajapani wenyewe wote wako safarini na hoteli zinakuwa moto.

La pili, tafuta kiti kimoja kimoja. Ndege inauza viti kwa mafungu ya bei, sasa kama fungu la rahisi limebaki viti viwili na wewe umeandika abiria watatu, mfumo unakupa wote watatu kwenye fungu la juu, haukuambii kwamba viwili vilikuwepo kwa bei ya chini. Kwahiyo tafuta abiria 1, kisha 2, kisha 3, uone bei inaruka wapi. Ikiruka, baba anunue peke yake na wewe na mtoto pamoja, halafu mpigie kampuni waziunganishe hizo buking. Mtoto asiachwe peke yake kwenye buking hata kidogo. Lile la kusema ukitafuta mara nyingi wanakupandishia bei mimi nimelifuatilia miaka, ninachokiona ni mafungu kuisha tu. Weka alamu ya bei kwenye Google Flights ulale, itakuamsha.

BintiWaViza:
Viza jamani mbona hamumwambii. Ukigawa tiketi lazima uingie ile nchi ya katikati kuchukua begi, kwahiyo kama pasi yako inataka viza hapo unaitaka hata kama unakaa saa moja. Singapore mjaze na ile kadi ya kuwasili mtandaoni, ndani ya siku 3 kabla ya kufika, ni bure, ukiona tovuti inakudai hela toka. Na kama kuna anayefikiria kupitia Marekani kwasababu ni rahisi, kule hakuna transiti ya kubaki ndani, kila mtu anapita uhamiaji, viza au ESTA (kibali cha mtandaoni kwa wasiohitaji viza) lazima hata kwa masaa mawili. Wahudumu wa kaunta wanaangalia masharti ya viza kwenye mfumo unaitwa Timatic, kampuni nyingi zina ukurasa wake kwenye tovuti zao, weka pasi yako na njia yako yote uone wao wataona nini. Fanya hivyo kabla ya kulipa, sio baada. Na pasi za wote watatu ziwe na zaidi ya miezi 6.

MamaMsafiri:
Shikamoo mzee, na wengine wote asanteni sana, sikutegemea. Jana usiku nimekaa na mume wangu tukafuata kila kitu, tumesogeza mpaka tarehe 12 Aprili, tukaweka miji mingi, kwenda tunalala Singapore siku mbili, tunaingia Tokyo, tunatokea Osaka na kurudi tunapitia Singapore masaa manne tu bila kulala. Tiketi moja. Imezidi ile ya kugawa kidogo sana, na tulivyoweka mabegi kwenye ile ya kugawa zikawa karibu sawa. Mume wangu amekubali mwenyewe.

Swali la mwisho mzee wangu, hayo mabegi sasa tutayachukua wapi? Na nikiona siku ile tumechoka, tunaweza kuruka kipande kimoja cha kurudi tukabaki Singapore?

MzeeWaDirishani:
Marahaba mwanangu, mmefanya vizuri.

Kuruka kipande cha katikati usifanye, ukikosa kimoja bila taarifa wanafuta vyote vinavyofuata, na begi litakuwa limeshaenda nyumbani bila nyinyi. Mkitaka kubaki Singapore piga simu ubadilishe kabla ya kuanza kurudi.

Mabegi ni hivi. Wakati wa kwenda mnakaa zaidi ya masaa 24, kwahiyo mtayachukua Singapore, lebo isomeke SIN. Mkiondoka Singapore isomeke NRT kama mnatua Narita au HND kama ni Haneda, na hilo liangalie sasa hivi kwenye tiketi maana Narita iko kilomita kama 60 kutoka katikati ya Tokyo na Haneda iko mjini kabisa. Wakati wa kurudi kutoka Osaka lebo isome herufi za eapoti ya nyumbani, ukiona SIN imeishia hapo mwambie palepale kaunta kabla begi halijaondoka kwenye mkanda. Na vile vikaratasi vidogo wanavyobandika nyuma ya boding pasi mpe binti avitunze yeye, vitatu, mpaka mfike.