Naomba ushauri: mkazo wa fremu ya tela unapanda kila nikipunguza saizi ya meshi

Habari zenu wakuu. Nipo Uyole, Mbeya, kwenye karakana ya kuchomelea. Kuna mteja wa Isyonje anataka tela la trekta la kubebea viazi, tani 3. Fremu nimeichora kwenye programu ya FreeCAD, na mkazo nakokotoa kwa programu ya CalculiX, inayoigawa fremu vipande vidogo vidogo (meshi).

Mzigo nimeuweka juu ya mihimili ya kukingama: 29,430 N, nikazidisha mara 2 kwa ajili ya mashimo (njia za mashambani kule mnazijua, hasa masika). Jumla ya nguvu zinazorudi kwenye viegemeo inatoka 58,860 N, kwa hiyo hapo sina wasiwasi.

Shida ni kona ya ndani, pale mhimili unapokutana na chanali kuu. Meshi ya milimita 20 inanipa mkazo wa MPa (megapaskali) 140, ya 10 inanipa 190, ya 5 inafika 270, na chuma changu kinaanza kunyong'onyea (kupinda bila kurudi) kwenye 250. Sehemu nyingine namba hazibadiliki kabisa. Elementi (vile vipande vya meshi) ni tetrahedra (umbo la nyuso nne za pembetatu) za nodi 10, hakuna yenye jakobia hasi (yaani iliyojipindua) wala iliyochongoka kupita kiasi.

Nahisi ni ile kona kali tu, mkazo wake kwenye hesabu hauna mwisho. Je, nichore mviringo wa weldi, au nisome mkazo mbali kidogo na kona? Umbali gani? Na vishikio vya springi, nikivikaza vyote vinne kwenye hesabu visisogee kabisa, si naipa fremu ugumu wa uongo?

Tafadhali msiniambie niongeze tu unene wa chanali. Bei ya chuma mnaijua.