Kumpigia mtu gitaa kwenye ziara au kushikilia bendi yangu: njia ya Marr, ya St. Vincent au ya Klinghoffer?

nyuzi_sita
Wakuu, heshima kwenu. Nina bendi ya watu watatu, tunapiga roki ya kwetu wenyewe, lebo hatuna, nyimbo nne tumesharekodi. Juzi mwimbaji mmoja kaniomba nimpigie gitaa kwenye ziara ya miezi mitatu: malipo kwa kila onyesho, malazi, na posho ya chakula. Wenzangu wawili wamenuna.

Nimefuatilia wapiga gitaa watatu. Johnny Marr alianza na bendi yake, The Smiths, Manchester mwaka 1982. Akaiacha 1987 akiwa na miaka 23 na toka hapo akawa anaingia bendi za watu. Annie Clark, yule St. Vincent, alianza kwa kuwapigia wengine ndipo akatoka na jina lake. Josh Klinghoffer sehemu kubwa ya maisha yake amepiga pembeni ya wakubwa. Ipi inamfaa mtu kama mimi? Mwisho wa mwezi natakiwa nitoe jibu.

mzee_wa_ampli
Kijana, Marr usimweke kundi la kukodiwa. Bendi ya Modest Mouse ilipomwita Portland, Marekani, ilimwita watunge pamoja, haikumwita aje kuiga gitaa la mtu aliyeondoka. Akawa memba kamili, na albamu yao ya 2007 ikaingia namba moja Marekani. Huko huko Portland akakutana na Gary Jarman wa bendi ya The Cribs, akajiunga nao pia mpaka 2011. Albamu ya kwanza yenye jina lake peke yake imetoka 2013, anakaribia miaka 50.

Lakini mlango ulifunguliwa na nini? Na zile nyimbo za ujanani. Msikilize: solo ndefu hana. Anazichambua kodi za gitaa (chords) uzi kwa uzi, gitaa moja juu ya jingine, mpaka hujui lipi limeanza. Mtu akimwita anaitaka sauti ile, na sauti ile aliipata ndani ya bendi yake. Bendi yako ikifa sasa, wewe utaitwa kwa lipi?

Kibaoni
Mzee, hapo kwa heshima napingana nawe. Kuhama bendi si kuua bendi. Hapa Dar es Salaam marehemu Muhiddin Gurumo, mwimbaji wa dansi, alitoka bendi ya Juwata (ndiyo Msondo) kwenda Mlimani Park mwaka 1978, baadaye akaenda Safari Sound, na mwisho akarudi Msondo. Kila alikokwenda alifika na utunzi wake.

Mimi naona njia ya Annie Clark ndiyo inayomhusu mleta mada. Akiwa bado binti alikuwa akisafiri wakati wa likizo na mjomba wake Tuck Andress na mkewe Patti, wanamuziki, akiwashughulikia mambo ya ziara. Akaingia chuo cha muziki cha Berklee, akaacha kabla ya kumaliza. Akapiga na The Polyphonic Spree, kundi la watu wengi kweli kweli jukwaani, kisha 2006 akawa kwenye bendi ya ziara ya mwimbaji Sufjan Stevens. Mwaka uliofuata akatoa albamu yake, na 2015 akachukua Grammy. Ziara za watu zilikuwa shule yake, na shule hiyo inakulipa wewe badala ya wewe kuilipa.

bi_rithimu
Kaka nyuzi_sita, pole na mawazo. Nami niseme yaliyonikuta.

Nilimpigia mwimbaji mmoja miezi miwili. Mchana mmoja mafundi wanapima sauti, mimi nimekaa juu ya kasha la spika, vidole vikaokota noti saba kwenye nyuzi mbili za chini. Akageuka: "Hebu rudia hiyo." Usiku ule ule tukaiweka mwanzo wa wimbo. Leo wimbo uko redioni na zile noti saba ndizo watu wanazoziimba kwa mdomo. Jina langu halipo. Nililipwa onyesho, nikasaini kupokea, basi. Mirabaha inakwenda kwa aliyeandikwa kuwa mtunzi, na mimi sikuandikwa popote.

Klinghoffer ndiye wa kumtazama hapa. Red Hot Chili Peppers walimchukua 2007 kama gitaa la kuongezea kwenye ziara, 2009 wakamfanya memba, akatunga nao albamu mbili. Desemba 2019 John Frusciante, mpiga gitaa wao wa zamani, akarudi na yeye akatoka. Nafasi ikaisha, lakini utunzi wa albamu zile hauwezi kufutwa. 2021 akaonekana jukwaani na bendi ya Pearl Jam, wa ziara tena. Ndivyo kazi hii ilivyo: swali la kwanza siyo unapiga na nani, ni karatasi inasema wewe ni nani.

mzee_wa_ampli
Bi_rithimu kanigusa. Niongeze la bendi yenyewe, maana watu hudhani huko ndiko salama. Ndani ya The Smiths, mwimbaji Morrissey na Marr walichukua asilimia 40 kila mmoja kwenye mapato ya rekodi na maonyesho. Mpiga besi na mpiga drams wakapata 10 kila mmoja. Mpiga drams Mike Joyce akaenda mahakamani akisema hakuwahi kukubali mgawo huo. Mwaka 1996 akashinda: kwa sheria ya ubia ya Uingereza ya 1890, pasipo makubaliano wabia hugawana sawa. Akapewa haki ya asilimia 25. Pesa za utunzi hazikuguswa, hizo zilibaki kwa watunzi.

Ninyi watatu mna karatasi?

nyuzi_sita
Hatuna. Hatujawahi hata kuzungumza, na nyimbo mbili kati ya nne sijui tungesema ni za nani.

Jana nimekaa na wenzangu mpaka saa sita usiku. Kumbe kilichowaudhi si ziara, ni hofu kwamba nitazipeleka zile nyimbo huko. Tumekubaliana: mgawo tunauandika kwanza, kisha mwimbaji nitamwomba kifungu kimoja, kwamba nikitunga kitu kwenye ziara yake naandikwa. Akikataa, siendi.

bi_rithimu
Afadhali. Kila mmoja atie sahihi kila ukurasa, na tarehe. Na huko ukienda, kabla ya kupima sauti, washa simu irekodi, uiache iendelee.