Mrejesho: yule mchoraji wa Dodoma aliyetaka kuuza brashi

Wakuu, mwaka jana niliwauliza: nihamie Dar nikauzie watalii picha, au niachane na uchoraji kabisa, maana hapa Dodoma naishi kwa kuandika mabango ya saluni na bucha. Wengi mlisema hama. Sikuhama.

Kilichonigeuza ni safari ya Kolo, kule Kondoa. Nilishajua michoro ile ya miambani iliingia urithi wa dunia mwaka 2006, lakini kuiona kwa macho ni jambo jingine: watu warefu wembamba, twiga, wekundu wa udongo. Na hakuna sahihi hata moja! Nilikaa chini ya jiwe mpaka mwongozaji akaanza kuangalia saa.

Sasa mabango ni Jumatatu hadi Alhamisi, bila kinyongo. Ndiyo yanayolipa kodi. Ijumaa nazima simu, nachora mibuyu na zeze la babu. Tangu Januari nimeuza picha tatu tu, moja kwa mama ntilie, kwa mkopo (analipa kwa ugali na mlenda, sidai zaidi). Mke wangu anasema nimeacha kugombana na vyombo.

Mkuu uliyenishauri nijaribu miezi sita kwanza, asante. Huu ni wa kumi.